Hawakupiga Kelele Mkondoa

Mtoto akitoka kuoga mtoni, hata ajifute vipi, ngozi yake hukauka na kupauka. Ukimkwaruza mguuni kwa ukucha, unabaki mstari mweupe, na hapo hana ujanja tena. Kila mzazi wa Kilosa anajua hilo, na kila mtoto anajua kwamba mzazi wake anajua. Mama yangu alinikwaruza, nikala fimbo zangu, nikakua. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka Mto Mkondoa, sikuona haja ya kutafuta njia nyingine ya kuwalinda watoto na maji. Ukucha ninao, na hauombi bajeti.

Nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Kazi hiyo walimu wengi huikwepa, mimi niliiomba. Nitasema mambo haya bila kujitetea, maana kujitetea nimekujaribu miaka mingi na hakujanisaidia. Nilipenda kuona mstari mzima wa watoto ukinyamaza mimi nikikohoa tu. Nilipenda walivyovuta sketi na kukunja kaptula bila kuambiwa, mimi nikipita na ukucha wa kidole gumba niliouacha urefuke kwa kazi hiyo. Walimu wenzangu walinitania kwamba wao wanafuga kuku, mimi nafuga ukucha. Nilicheka nao.

Mkondoa wenyewe si mto wa kuchezea. Kiangazi unakuwa kijito, mbuzi anavuka bila kulowa tumbo, na mtoto akiutazama anakudharau wewe unayemkataza. Kumbe huko milimani mvua imenyesha, huku kwetu jua linawaka, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanashuka bila kupiga hodi. Tena kuna mashimo. Vijana wanachimba mchanga wa kujengea katikati ya mto, wanapakia lori, wanaondoka. Shimo linabaki, maji yanalifunika, na juu panaonekana sawa na pengine pote. Mtu mzima akitumbukia maji yanamfika kidevuni. Mtoto haonekani tena.

Yote haya niliyajua. Ningeweza kuwapeleka watoto ukingoni darasa zima, nikawaonyesha mashimo kwa fimbo ndefu, nikawaambia wasogee wapi na wasisogee wapi. Ningeweza kuwaambia kwamba mwenzao akizidiwa wasiingie, wapige kelele, wamtupie chochote kinachoelea. Sikuwafundisha hata kimoja kati ya hivyo. Niliwafundisha kuniogopa mimi, nikaamini kwamba anayeniogopa mimi hatakwenda mtoni.

Nilikuwa na sheria tatu. Ya kwanza ni ukucha, kila siku mstarini asubuhi. Ya pili ni chunusi, yule jini wa majini anayevuta watoto miguu, niliyemwongezea mikono mirefu na njaa isiyokwisha. Ya tatu niliitunga mwenyewe na niliionea fahari kuliko zote: ukimwona mwenzako mtoni na usipomsema, fimbo zako ni mara mbili ya zake. Na ukiwa naye huko, ni mara tatu. Mwalimu mkuu aliitaja kwenye kikao cha wazazi. Mzee mmoja akasimama na kusema kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, wazazi wakapiga makofi, nami nikapiga. Waraka unaosema nani anaruhusiwa kuchapa, na fimbo ngapi, ulikuwa umebandikwa ofisini nyuma ya mlango, na mlango wetu ulikaa wazi siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeusoma.

Watoto nao wana akili. Haukupita muhula, wakagundua dawa ya ukucha: mafuta. Ukijipaka mafuta ya mgando ukitoka majini, ngozi haipauki na mstari hautokei. Siku moja nilimkuta mvulana wa darasa la tano na kopo ambalo walikuwa wanalificha kwenye matete, wanatumia kwa zamu. Nilimpaka kopo lote kichwani na usoni, nikamsimamisha juani chini ya mlingoti wa bendera mpaka mafuta yakamtiririkia machoni. Wenzake walicheka. Nadhani wengine walicheka kwa sababu nilikuwa nawatazama. Baada ya hapo sikuona kopo tena, nikasema nimeshinda.

Nyumbani nilikuwa na mtoto mmoja, binti, wakati huo ana miaka tisa, yuko darasa la tatu kwenye shule hiyohiyo. Baba yake alikwishaondoka zamani na hana nafasi katika habari hii. Mtoto wa mwalimu ana kazi: akikosea, mtaa mzima unasema mwalimu kashindwa na wake. Kwa hiyo wenzake walikwaruzwa mara moja kwa siku, yeye mara mbili, mstarini na mlangoni jioni. Nilipomchapa hakulia. Alikuwa anatazama ukutani mpaka niishe, kisha anasema ahsante mama, kama nilivyomfundisha. Nilichukulia hayo kuwa ni adabu, nikawasimulia wageni.

Nilitaka kitu kimoja tu kwa mwanangu, asife maji. Hakufa maji. Hilo nililipata.

Mwanangu alikuwa na rafiki, msichana waliyekaa naye dawati moja. Alikuwa amemzidi mwanangu mwaka, mwembamba, mweusi tititi, mwenye mdomo. Babu zake walikuja Kilosa kukata mkonge wakati mashamba ya mkonge yalikuwa na kazi, na mama yake alikaanga vitumbua asubuhi karibu na stesheni. Ndiye mtoto pekee aliyewahi kuniuliza swali juu ya chunusi. Alinyoosha mkono akataka kujua kama chunusi anavuta watoto tu, mbona wale kaka wanaochimba mchanga wanashinda majini na hawavuti. Darasa likacheka. Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa mwaka ule, na nilimchapa kwa sababu sikuwa na jibu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, joto, na shule ilitoka saa nane na nusu. Walikwenda mtoni watoto wanne: mwanangu, rafiki yake, na ndugu wawili wa kiume, watoto wa fundi baiskeli jirani yetu. Haya sikuyaona. Niliyajua baadaye kwa kinywa cha mwanangu, na nitayaeleza kama alivyoyaeleza.

Walivua sare wakazikunja vizuri, maana sare iliyokunjamana ni ushahidi. Walioga sehemu ya maji mafupi. Yule rafiki akaenda mbele kidogo kufuata kandambili iliyochukuliwa na maji. Mwanangu anasema hakuanguka. Alikuwa anatembea, na hatua iliyofuata hakuwepo. Akatokea kichwa mara moja, mdomo wazi, bila sauti, akazama, ukatokea mkono. Upande wa juu wa mto, mbali kama kutoka goli moja mpaka jingine, kulikuwa na lori na wanaume watano au sita wamekaa kivulini wanakula. Walikuwa na makoleo, walikuwa na kamba, walilijua kila shimo kwa sababu wamelichimba wao. Mtoto mmoja angepiga ukelele mmoja tu, wangesimama.

Hawakupiga. Yule mvulana mkubwa alimziba mdogo wake mdomo. Mmoja wa wale wanaume alikuwa mzazi wa mwanafunzi wetu, na alikuwa ananijua. Wakasimama watatu majini, wanatazama, mpaka maji yakatulia. Halafu wakatoka. Wakajipaka mafuta, kwa sababu kopo jingine lilikuwepo, lilihamishiwa tu kwenye matete mengine. Wakavaa. Sare ya mwenzao waliiweka chini ya matete na kuikandamiza kwa jiwe isipeperuke. Mwanangu ndiye aliyechagua jiwe.

Jioni alipofika nyumbani nilimkwaruza mlangoni. Mguu ulikuwa unang'aa mafuta, laini, hauna mstari. Nilifurahi. Nilimsifu kwamba leo amejipaka mwenyewe bila kukumbushwa, huo ndio usichana. Akala ugali na mchicha, akaomba kuongezewa, nikamwongezea.

Kabla giza halijaingia, mama wa yule binti alikuja na khanga mkononi, anatweta, akaniuliza kama mwanawe hajapita kwangu. Nilimwita binti yangu. Nikamuuliza mbele ya mgeni waliachana wapi. Akasema kwenye njia panda ya reli, mwenzake akashika njia ya kwao. Alisema akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mstarini. Yule mama alimtazama kwa muda akataka kumuuliza tena. Mimi nikamkata. Nilimwambia mwanangu hasemi uongo, anajua atakachokipata. Akaomba radhi kwa kunisumbua, akaondoka.

Asubuhi mtoto hajaonekana, na mimi nikasimama mbele ya shule nikiwa na hasira ya kweli. Niliwatangazia kwamba mwenzao huyo hakulala kwao, bila shaka alikwenda mtoni akaogopa kurudi, na kwamba akipatikana atachapwa mbele yao wote, hapo hapo nilipokuwa nimesimama, wapate kujifunza. Kisha nikapita na ukucha. Nilimkwaruza mwanangu. Niliwakwaruza wale ndugu wawili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mstari.

Wachimba mchanga walimpata saa sita mchana. Koleo la mmoja wao lilimgusa. Walimleta kwa lori lile lile, juu ya mchanga waliokuwa wameshaupakia, wamemfunika shati. Alizikwa siku hiyo kabla ya magharibi. Msibani watu walisema wanavyosema siku zote, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwepo nakata vitunguu nikaitikia nao. Wakati huo sikujua ni kazi ya nani.

Siku ya tatu mama yake aliniita chumbani walikokaa wanawake. Macho yalikuwa yamevimba, sauti haipo. Alinishika mikono yote miwili mbele za watu.

"Mwalimu, wewe ulimkataza," akasema. "Ulimpiga kwa ajili ya mto huohuo. Hakusikia. Mungu akulipe."

Wanawake wakaitikia amina. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeinua kichwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mtoto amekufa, mimi nilijisikia vizuri.

Wiki iliyofuata mwanangu alianza kukojoa kitandani. Nilimchapa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu nilimtoa uani, nikampa beseni na sabuni afue mashuka mwenyewe, nikakaa kwenye kigoda kumsimamia. Alikuwa anasugua, hanitazami. Akasema, kama anayesoma kitabu cha darasani, kwamba walikuwa naye. Akaeleza yote niliyoyaeleza hapo juu, kwa mpangilio, mpaka jiwe. Povu lilikuwa linakauka mikononi mwake. Nilimuuliza wale wanaume walikuwa karibu kiasi gani, akanionyesha kwa kidole, kutoka pale mpaka msikitini. Nikamuuliza swali ambalo lingeulizwa na mtu yeyote.

"Kwa nini hamkupiga kelele?"

"Ungejua," akasema.

Mtu akikusimulia kisa kama hiki, hapa ndipo mama anapomkumbatia mtoto. Mimi nilisimama nikafunga geti. Kilichonijia kwanza hakikuwa yule marehemu, wala mwanangu. Kilikuwa kikao cha wazazi, na mimi nimesimama mbele yao. Nilimshika mwanangu kidevu kwa mkono uliolowa sabuni, nikamwambia kwamba akimwambia mtu yeyote, yeyote yule, nitamchapa mpaka asahau jina lake. Alisema ndiyo mama. Akarudi kwenye beseni. Kesho yake niliwaita wale ndugu wawili ofisini mmoja mmoja, nikawaambia hivyohivyo. Mdogo alijikojolea mbele yangu, na nikampa dekio akafuta.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Woga niliowatia uliua mtoto mmoja, na nilipoambiwa, dawa niliyoijua ilikuwa kuongeza woga. Watu hupenda kusema kwamba mzazi hufanya makosa kwa sababu hajui. Mimi nilikuwa najua, tangu saa ile ya beseni.

Siku chache baadaye yule mama alinijia tena, safari hii shuleni, ameshika mkono wa mdogo wa marehemu, msichana wa miaka saba. Alinikabidhi. Aliniomba nimchape bila huruma nikimwona hata njiani kuelekea mtoni, kwa sababu huyo ndiye aliyebaki. Mtoto alinisalimia shikamoo huku anatazama mikono yangu. Nikasema marahaba. Nikampokea.

Nilihudhuria arobaini, nilimenya vitunguu saumu, nilikula pilau. Haukupita muda mrefu yule mama akamtoa mtoto shuleni na kuhama, akaenda Kisanga kwa kaka yake kulima. Nilifarijika sana. Nilidhani amekimbia mto.

Mimi nami niliomba uhamisho, nikapelekwa Mikumi. Nilisema ni kwa ajili ya kifua, baridi ya asubuhi. Mikumi ni mji wa barabarani, malori na mahoteli, na watoto wake huambiwa wajihadhari na magari na tembo kuliko maji. Nilikata ukucha. Sikumchapa mtoto tena, na wala sikupata sifa kwa hilo kichwani mwangu, kwa sababu nilikuwa naogopa tu. Mwanangu aliendelea kukua nyumbani kwangu kama mpangaji mwenye heshima. Alifua, alipika, alifaulu. Nilipomuuliza habari za shule alisema nzuri. Nilipomuuliza kama anaumwa alisema hapana. Miaka ikaenda hivyo.

Halafu alikuja afisa mmoja wa zimamoto, kijana, kutoa semina kwa walimu wa tarafa juu ya usalama wa watoto kwenye mito, mabwawa na mifereji ya miwa kule Ruaha na Kidodi. Alikuwa na dumu tupu la lita tano na kamba, basi. Alituambia mtoto anayezama hapigi kelele, hana pumzi ya kupigia, kwa hiyo wanaopaswa kupiga kelele ni wale waliobaki. Kisha akauliza ni nani kati yetu ambaye wanafunzi wake wakimwona mwenzao anazama watamkimbilia yeye kwanza. Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Na wangu ulinyooka.

Tangu siku hiyo nikawa nafundisha vile. Nilichukua dumu, nikatia maji kidogo ya kulipa uzito wa kurushika, nikalifunga kamba. Niliwapeleka watoto kwenye lambo la ng'ombe nje ya mji, nikiwa nimewaomba wafugaji, nikawafundisha kurusha na kuvuta wakiwa wamelala kifudifudi. Niliwafundisha kwamba hakuna chunusi, kuna shimo, kuna tope, kuna maji yaliyoshuka kutoka milimani. Zaidi ya yote niliwafundisha kupiga kelele. Tulifanya mashindano, darasa kwa darasa, nani atasikika mpaka barabarani. Niliwaapia kwamba atakayekuja kuniambia mwenzake yuko majini hataguswa, hata kama yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Wale watoto wa Mikumi wana mapafu. Madereva wa malori walikuwa wanageuka kutazama.

Sifa ikanifuata tena, maana sifa haina aibu. Ofisi ya elimu ikaniomba nizunguke shule nyingine za wilaya, na kwenye orodha kulikuwa na Kisanga. Nilipoliona jina hilo nilijua nitasimama na dumu langu mbele ya mwanamke yule, naye atanipigia makofi kwa mara ya pili. Lazima nimwambie, nilisema moyoni, kabla au baada. Mwanangu wakati huo alikuwa na miaka ishirini, anasomea uuguzi Morogoro. Sikumwambia kwamba nakwenda.

Nilitaka iwe kabla. Nilifika nimechelewa, wazazi wamekwishakaa, ikawa baada. Alikuwepo kwenye benchi la nyuma, amenenepa kidogo, ushungi wa kijani. Nilifundisha kwa saa nzima nikimkwepa kwa macho. Niliwaambia wazazi kwamba mtoto anayewaogopa kuliko anavyoogopa maji hamjamlinda na kitu. Walipiga makofi. Naye alipiga, taratibu, viganja viwili vitatu, kama mtu anayekung'uta unga.

Nilimfuata kwake. Alikuwa amekaa uani kwenye mkeka na rundo la mihogo, akanisogezea kigoda. Tulisalimiana kwa kirefu, nyumba, mashamba, mvua. Nikamwambia, dada, nina neno. Nikalisema lote, tangu ukucha na sheria ya tatu mpaka lori lililokuwa karibu na watoto walionyamaza. Nikamwambia nilijua wiki moja baada ya maziko na nikamfunga mwanangu mdomo. Sikulia, kwa sababu sikuona nina haki ya kulia mbele yake. Kisu chake hakikusimama hata mara moja.

"Najua, Mwalimu," akasema.

Nilidhani hakunielewa, nikaanza tena. Akanizuia kwa kunyoosha kisu, polepole.

"Mwanao aliniambia siku ya arobaini. Alinifuata nyuma ya jiko, naosha masufuria. Akasema yote. Halafu akanigeuzia mgongo nimchape."

Nilimuuliza kama alimchapa. Akasema alimpa maji ya kunywa, akamshika mpaka akaacha kutetemeka, na akarudi kugawa pilau. Akaniambia kwamba ndiyo maana alimtoa mdogo wa marehemu shuleni, asingeweza kumwacha mikononi mwangu. Akaniambia mwanangu humpigia simu kila Jumapili, tangu alipopata simu. Wiki mbili zilizopita alikuwa amelazwa kwa homa ya matumbo, siku nne, sasa hajambo. Alinieleza haya kama jirani anavyokupa habari za nyumba ya tatu. Mimi sikuwa najua kwamba mwanangu ameugua.

Hasira ilinipanda, na huo ni ukweli mwingine wa aibu. Nilimuuliza mbona hakuja kunitukana, kunishitaki, hata kunitemea mate. Mbona miaka kumi na mmoja amenyamaza, na kabla hajahama kila tulipokutana sokoni Kilosa aliniitikia salamu na kunichekea.

"Nilikuja," akasema. "Siku ileile ya arobaini, jioni, nilivaa nikafika kwenye reli. Ndipo nikakumbuka nikifika tu, utajua kwamba kasema. Nikarudi." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Ungempiga. Au naongopa?"

Kuku walikuwa wanaparua maganda miguuni petu.

"Ningempiga," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua muhogo mwingine.